Karani Aliyepumzika Jumapili

Kaka yangu Aalt Verloop tulimzika Ijumaa ya pili ya mwezi wa tatu. Mchungaji alimzungumzia kwa dakika nne, na hapa Harsloo dakika nne ni nyingi, kwa sababu sisi hatusifu wafu. Sifa ni za Mungu. Alisema Aalt alikuwa mwaminifu katika mambo madogo. Ni kweli, nami nilimshukuru. Lakini mchungaji huyu ana miaka mitatu tu hapa kijijini. Hakumjua Aalt aliyeweza kuwatia jasho wazee watano wa ushirika kwa kugusa bahasha, huku uso wake umetulia kama wa ng'ombe anayecheua. Mimi namjua. Hakuoa, nami sikuolewa, tukakaa nyumba moja ya wazazi wetu, namba kumi na nne, miaka hamsini na mitatu. Kwa hiyo habari hii nitaiandika mimi, na mahali ninapopaswa kuona aibu nitaona aibu.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza mashine za kukamulia. Kazi aliyoipenda ilikuwa mtandao wa ushirika. Kampuni kubwa zilikataa kuchimba hadi kwenye mashamba yetu, zikasema nyumba ziko mbalimbali mno, basi watu wa Harsloo wakachukua majembe wakachimba wenyewe, nyumba mia mbili na kumi na mbili. Kebo zote zinakutana kwenye chumba kilichokuwa cha maziwa, upande wa pili wa uzio wetu. Humo kuna ruta, mashine inayogawa mtandao, na kutoka kwenye ruta unakwenda waya mmoja tu hadi mji wa Amersfoort na dunia nzima. Aalt ndiye aliyekuwa na funguo za chumba hicho.

Kando ya ruta palikuwa na kompyuta ya zamani ambayo Aalt aliiita Karani. Kila mawasiliano yanayopita, ruta iliandika taarifa fupi: nyumba fulani, saa fulani, kiasi fulani, yametoka anwani fulani. Taarifa hizo ilizituma kwa Karani, naye Karani alizijumlisha na kuchora mistari kwenye skrini. Watu walipomuuliza kama anasoma barua zao, Aalt aliwajibu, "Sisomi barua. Nahesabu bahasha." Waya ukijaa na roboti za kukamulia zikaanza kusuasua, alitazama mistari, kisha akainua simu.

"Hendrika, wajukuu wako wamefika?"

"Wamefika jana. Umejuaje?"

"Waambie mmoja mmoja. Ng'ombe wa jirani yako wanasubiri zamu."

Kuhusu Jumapili kulikuwa na azimio. Ulipoanzishwa ushirika, wazee walijadili vikao viwili kama mtandao uwake siku ya Bwana. Wakakubaliana ruta iwake, maana wagonjwa husikiliza ibada wakiwa nyumbani, na daktari huitwa, na ng'ombe hukamuliwa. Hizo ni kazi za lazima na za huruma. Lakini kuhesabu si lazima wala si huruma. Mchungaji wa wakati ule alikumbusha kwamba mfalme Daudi alihesabu watu wake, na sote tunajua tauni iliyofuata. Ikaandikwa katika kumbukumbu za kikao: Jumapili hatuhesabu. Basi Aalt akampa Karani amri, Jumamosi saa sita za usiku alale, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi aamke. Miaka minane Karani alishika Jumapili kuliko baadhi ya Wakristo ninaowajua.

Kisha ruta ikazeeka. Walioitengeneza wakaacha kuitunza, na mwenyekiti wetu, Gijsbert Hoksbergen, akaagiza nyingine ya kampuni tofauti kabisa. Gijsbert ni mfuga kuku, mtu mrefu, mzee wa kanisa, anayependa kila kitu kipya isipokuwa zaburi. Aliyeifunga ruta mpya ni fundi kijana kutoka Amersfoort aitwaye Joris, aliyevaa viatu vyeupe katika mwezi wa kumi na moja.

Alikuja Jumanne. Nakumbuka vizuri kwa sababu kahawa yetu ni saa nne kamili, naye akasema, "Dakika kumi tu, mama, naiwasha kwanza." Akaiwasha, akaja jikoni, akachukua biskuti mbili kutoka kwenye kopo bila kuambiwa. Hapa kwetu biskuti ni moja. Aalt alifunika kopo taratibu.

Wiki ile yote mistari ilichorwa vizuri. Jumatatu iliyofuata, hakuna kitu.

Jumatatu ndiyo siku yetu nzito. Watu wamenyamaza siku nzima, kisha asubuhi moja wote wanaagiza chakula cha kuku, wanatuma karatasi za mifugo, wanawapigia watoto wao simu. Asubuhi ile waya ulijaa, roboti ya Evert Bronkhorst ikakwama na ng'ombe sitini foleni, na Aalt alipokimbilia kwa Karani akakuta skrini nyeupe. Ruta ilikuwa inatuma, taa ziliwaka, Karani alikuwa macho, lakini hakuchora hata mstari mmoja. Halafu saa nne na dakika kumi, bila mtu kumgusa, akaanza kuchora kama kawaida.

Evert alipiga simu. Sauti yake niliisikia hadi kwenye sinki.

"Aalt, nani alijaza waya?"

"Sijui."

"Unajuaje kuhusu wajukuu wa Hendrika, na hili hujui?"

"Leo Karani hakuona."

"Basi mnunulie miwani."

Joris aliitwa. Alikuja Alhamisi, akatazama, akakuta kila kitu kinafanya kazi. Jumatatu ya pili, nyeupe tena hadi saa nne na dakika kumi. Joris akaja Alhamisi, akakuta kila kitu kinafanya kazi. Jumatatu ya tatu vilevile, na Alhamisi yake vilevile, ila safari hiyo alikuja na Gijsbert.

"Ruta ni nzima, mzee Aalt," alisema Joris. "Tatizo ni hili sanduku lako. Lina umri gani?"

"Ni dogo kwako kidogo."

"Sisi Amersfoort tunaweza kukuangalizieni mtandao huu hukohuko. Saa ishirini na nne. Siku saba."

"Sita," alisema Aalt.

"Saba," alisema Joris. "Kompyuta haina roho, mzee."

Gijsbert alijikuna kidevu. Niliona kabisa kwamba lile wazo limemwingia. Alisema halmashauri ya ushirika itakutana Jumanne ya wiki inayofuata, mchana, jikoni kwetu kama kawaida, maana chumba cha maziwa ni baridi. Kama Jumatatu Karani akishindwa tena, atapendekeza kazi ya Aalt iende Amersfoort na funguo zirudishwe.

Jioni ile Aalt hakumaliza supu yake ya njegere. Watu wa mbali watadhani ni jambo dogo, funguo za chumba chenye baridi. Lakini kaka yangu hakuwa na mke wala watoto wala shamba. Kanisani hakuwahi kuchaguliwa mzee wala shemasi. Kitu pekee ambacho Harsloo ilimkabidhi ni chumba kile. Alilisogeza bakuli, akasema, "Mar, ni kwa nini Jumatatu tu?"

"Labda haipendi Jumatatu, kama mimi."

"Na kwa nini saa nne na dakika kumi? Si saa nne. Si saa nne na nusu."

Nilisali kwa ajili ya jambo hilo, na siionei haya sala hiyo, ingawa sikujua nitaje nini hasa mbele za Mungu. Nilisema tu, "Bwana, unajua ruta."

Jumapili tulikwenda ibada ya asubuhi wote wawili. Ibada ya pili, saa nane na nusu mchana, alikwenda peke yake. Mimi nilisema kichwa kinaniuma.

Jumatatu saa kumi na mbili kasorobo tulivuka uzio na chupa ya kahawa. Alitaka kumtazama Karani akiamka, dakika ya kwanza kabisa. Alifungua mlango, akasimama. Karani alikuwa macho. Skrini ilikuwa imejaa mistari, minene na mizuri, na ilipofika saa kumi na mbili na kijiji kikaanza kuamka, iliendelea kuchorwa bila pengo hata kidogo.

Simu ya Aalt ililia.

"Umeona?" Alikuwa Joris, na alikuwa anacheka. "Niliingia Jumamosi kutoka huku nikaiondoa ile amri yako ya kulala. Na leo hakuna pengo. Tatizo ni Jumapili yako, mzee. Nimeshamwandikia mwenyekiti."

"Umeingia bila kubisha hodi," alisema Aalt.

"Nimekutatulia tatizo."

"Hapana. Umenionyesha lilipo. Nakushukuru." Akakata.

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akashika kikombe bila kunywa. Halafu akaanza kusema, si na mimi hasa. Karani akikesha, anaelewa. Karani akilala, akiamka haelewi kitu hadi saa nne na dakika kumi. Kuna jambo analoambiwa saa hiyo, mara moja tu, na akilala analisahau.

"Joris aliiwasha ruta saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa nne na dakika kumi. Kahawa ilikuwa inapoa."

Akanitazama kama nimemletea pesa iliyopotea.

Nitaeleza alivyonieleza, maana mimi nilisoma shule ya sekondari tu na nilielewa. Taarifa za ruta ni safu za tarakimu tupu. Ipi ni nyumba, ipi ni saa, ipi ni kiasi, hazisemi. Kwa hiyo ruta hutuma pia karatasi ya vichwa vya safu, na Karani huishika akilini. Bila karatasi hiyo anapokea tarakimu na kuzitupa, kwa sababu hajui zinahusu nini. Ruta ya zamani ilituma karatasi ile kila dakika. Mpya, jinsi Joris alivyoiweka, iliituma mara moja kwa siku, kuanzia saa ilipowashwa.

"Ni kanisani," alisema Aalt. "Ruta ya zamani ni ubao wa zaburi ukutani. Ukichelewa, unatazama ubao, unafungua, unaimba. Hii mpya ni mchungaji anayetaja namba mara moja kwa mdomo. Ukiingia baadaye unasikia watu wote wanaimba na hujui ukurasa."

"Kama Drika Bronkhorst."

"Kama Drika. Yeye hufungua midomo tu. Karani ni mkweli zaidi, ananyamaza."

Alitafuta ndani ya ruta mahali palipoandikwa muda ule, akabadilisha, siku moja ikawa dakika moja. Kisha akamzima Karani, akamwasha tena, akatoa saa ya baba mfukoni. Skrini ilikuwa nyeupe. Niliona mshale wa sekunde ukizunguka, nami nikashika mpini wa chupa kwa mikono miwili. Mshale haujamaliza mzunguko, mistari ikaanza kutokea. Alifanya hivyo mara tatu. Mara zote tatu ilikuja chini ya dakika. Akairudisha amri ya Jumamosi kama ilivyokuwa.

Hapo ndipo printa ilipoanza kulia.

Kila Jumatatu saa moja Karani alichapisha karatasi ya wiki kwa ajili ya halmashauri, nyumba zikiwa zimepangwa kuanzia iliyotumia sana. Wiki zote zilizopita karatasi hiyo ilikuwa na siku sita. Asubuhi ile zilitoka kurasa tatu, na juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa Jumapili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mtandao uchimbwe Jumapili ya Harsloo kuandikwa mahali ambapo binadamu anaweza kuisoma.

Aalt aliuokota ukurasa wa kwanza. Alisoma mstari wa juu, akaacha kusoma.

Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

"Mar," alisema. "Namba kumi na nne ni nyumba ya nani?"

"Inategemea unaanzia wapi kuhesabu."

"Saa nane na dakika arobaini hadi saa kumi na dakika tano. Kiasi hiki ni cha picha zinazotembea. Mimi nilikuwa kanisani. Paka hana nywila."

"Kichwa kiliniuma kweli. Mwanzoni."

"Ulitazama nini?"

Nikamwambia. Zilikuwa mbio za kuteleza kwenye barafu, mita elfu tano. Aalt mwenyewe alizipenda mbio hizo kuliko mimi, lakini Jumapili hakugusa habari zake; alisubiri gazeti la Jumatatu, na kila Jumatatu kabla ya kulifungua tulibashiri mshindi, dau likiwa paketi moja ya pipi za mnanaa. Nilikuwa nimeshinda majira mawili ya baridi mfululizo. Alikuwa akiniambia nina jicho kali la mbio.

Alihesabu kwa vidole.

"Paketi ishirini na moja," alisema.

"Nitazirudisha."

"Umezila kanisani. Wakati wa mahubiri. Mbele yangu."

Sikucheka, naye hakucheka, lakini ndoo aliyokalia ilikuwa inatetemeka. Kisha akazikunja kurasa zote tatu bila kugeuza hata moja, akazitia kwenye bahasha na kuifunga kwa utepe mweusi wa mafundi umeme.

"Hutasoma wengine?" niliuliza.

"Hapana."

"Mimi ningesoma."

"Ndiyo sababu funguo ziko kwangu."

Jumanne saa nane wazee watano walikaa mezani kwetu. Gijsbert alikuwa na barua ya Joris mkononi. Nilimimina kahawa, biskuti moja moja, nikasimama karibu na jiko.

Aalt alieleza kosa na dawa yake. Alieleza ubao wa zaburi, na Evert akasema, "Kama mke wangu," na kila mtu akatazama kikombe chake. Evert, ambaye alikuwa bado ana uchungu wa foleni ya ng'ombe sitini, alikuwa wa kwanza kusema imetosha, kosa limepatikana. Nikadhani tumemaliza.

Lakini Gijsbert hakupenda kuacha kitu kipya alichokwisha kukipenda.

"Ndugu Aalt, umefanya vizuri," alisema. "Ila Joris anasema kama Karani angewaka Jumapili, haya yote yasingetokea. Mashine haina roho ya kupumzisha. Amersfoort wataangalia siku saba, na wewe utapumzika. Umeshafikisha miaka mingapi?"

"Hamsini na sita."

"Si unaona?"

"Naona," alisema Aalt. "Sina neno. Mkipiga kura, funguo hizi hapa." Akaziweka mezani. Kisha akatoa bahasha kwenye koti lake, akaiweka kando ya funguo, akainyoosha kwa kidole ikae sambamba na ukingo wa meza. "Ila nadhani ni haki mjue kwanza mnachokipigia kura. Joris alimwacha Karani akeshe juzi. Hii ni Jumapili yetu. Tuisome pamoja?"

Nilijua nani yuko mstari wa kwanza. Naye alijua. Kama mtu mmoja tu pale angesema soma, kaka yangu angesoma, kwa sababu hakuwahi kusema jambo asilolitenda, na kabla ya jua kuzama Harsloo yote ingejua kwamba dada yake mwenye maumivu ya kichwa alikuwa akishangilia barafu wakati wao wanaimba.

Hakuna aliyesema soma.

"Inaonyesha nini hasa?" aliuliza Gijsbert.

"Nyumba, saa na kiasi."

"Saa."

"Na dakika."

Evert alipitisha paketi ya pipi za mnanaa, kama tufanyavyo kanisani mahubiri yakianza kuwa marefu. Kila mmoja alichukua moja. Mmoja alichukua mbili.

"Na hii," alisema Evert, akitazama pipi yake, "ni ya siku nzima? Au asubuhi tu?"

"Siku nzima. Ibada ya pili iko wazi sana."

"Umeisoma?" aliuliza Gijsbert.

"Mstari wa kwanza tu."

"Nyumba ya nani?"

Kahawa niliyokuwa namimina ikafurika hadi kwenye kisahani. Aalt hakunitazama.

"Ndugu Gijsbert," alisema kwa upole, "nikikwambia wa kwanza, itabidi nisome na wa pili. Haitakuwa haki kwa wa kwanza."

Gijsbert alinyonya pipi yake hadi ikaisha. Nilidhani anahesabu. Halafu akaikunja barua ya Joris mara mbili, akasema ameikumbuka vizuri hoja ya mchungaji wa zamani kuhusu mfalme Daudi, na kwamba sisi wa leo tunasahau upesi mno. Aliuliza kama watu wa Amersfoort wangeona mambo haya ya Jumapili kila wiki. Aalt akasema wangeona, na ni vijana wazuri, wanaopenda kucheka. Evert akasema yeye hahitaji kusikia zaidi. Kura zote tano zilikuwa upande mmoja: Karani apumzike Jumapili kama ilivyoandikwa, na Aalt aendelee. Evert mwenyewe alimsukumia funguo kwenye meza.

Walipoondoka, waliondoka haraka kuliko kawaida, na biskuti tatu zilibaki. Aalt alifungua mlango wa jiko, akaitia bahasha ndani. Nilikuwa nimesimama karibu kadiri adabu ilivyoruhusu. Utepe uliyeyuka kwanza, kurasa zikajikunjua, na niliona namba ya nyumba ya mstari wa pili, nusu yake, kabla haijawa nyeusi.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Moto."

"Na kama mmoja wao angesema soma?"

"Ndilo ninalokuuliza mimi."

"Ningesoma," alisema. "Kuanzia juu." Akavaa koti lake aende kwa Evert kutazama roboti, akageuka akiwa mlangoni. "Jumapili ijayo, kichwa chako kitakuwaje?"

"Kitakuwa kizima."

Kilikuwa kizima majira yale yote ya baridi. Kusema kweli, karibu yote. Nimeungama mbele za Mungu, na kwa paketi ishirini na moja nilimlipa Aalt hadi ya mwisho, naye alizila polepole, moja kila mahubiri, akinitazama kwa pembe ya jicho kila alipoifungua.

Alikuwa na funguo hizo miaka sita zaidi. Alianguka uani, katikati ya nyumba na chumba cha maziwa, asubuhi ya Jumatatu, saa kumi na mbili haijafika. Alikuwa anakwenda kumwamsha Karani, ambaye huamka mwenyewe. Nilimkuta mimi. Sitaandika zaidi juu ya asubuhi hiyo. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, na nyumba ni kubwa sana.

Gijsbert alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Baada ya maziko, kwenye ukumbi, watu walipokuwa wakinywa kahawa na kula mikate ya jibini, alikuja akaketi kando yangu. Amezeeka sasa. Alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Marrigje," alisema. "Ile bahasha. Ilibaki mahali?"

"Aliichoma siku ileile, mwenyekiti. Hakusoma zaidi ya mstari mmoja."

Akashusha pumzi ndefu. Ningeweza kumwachia hapo. Lakini siku ile sikuwa na nguvu ya kuficha kitu chochote, cha kwangu au cha mtu mwingine.

"Mstari huo ulikuwa sisi," nilisema. "Mimi. Mbio za mita elfu tano. Aalt alikuwa kanisani, akaja mezani na bahasha yenye namba ya nyumba yake juu kabisa, akawauliza kama aisome."

Gijsbert aliacha kukoroga. Alinitazama, kisha akatazama upande lilikokuwa jeneza asubuhi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia kidogo pia.

"Jumapili ile mimi mguu uliniuma," alisema alipoweza. "Sikwenda ibada ya pili."

"Pole."

Alisogea karibu, akateremsha sauti, kwa kuwa mchungaji alikuwa meza ya pili.

"Ule mzunguko wa mwisho," alisema. "Uliuona, mshindi alivyompita mwenzake kwa nje?"

"Niliuona," nilisema.